"Flammable" au "inflammable": neno la kuandika kwenye tangi la mafuta

Maneno haya mawili ya Kiingereza yana maana moja: kitu kinachoshika moto kwa urahisi. Hata hivyo, msafirishaji anayeandikisha onyo kwenye tangi au ghala anashauriwa kutumia "flammable" peke yake.

Tatizo ni silabi ya mwanzo, "in". Katika maneno mengi ya Kiingereza silabi hiyo hukanusha: "correct" ni sahihi, "incorrect" si sahihi. Mtu akisoma "inflammable" anaweza kudhani mzigo hauwaki, akawasha sigara. Ukweli ni kwamba neno limetoka katika Kilatini "inflammare", yaani kuwasha moto, na "in" yake haikanushi chochote. Lakini utingo hasomi Kilatini, wala hana sababu ya kukisoma.

Nchini Marekani chama cha kinga ya moto, NFPA, kilianza kuhimiza "flammable" miaka ya 1920. Taasisi ya viwango ya Uingereza ilifuata mwaka 1959. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kusafirisha shehena za hatari nazo zinatumia "flammable" kwa vimiminika vya kundi la 3, petroli ikiwamo. Kisichowaka ni "non-flammable".

Wanaovuka kwenda Kongo au Burundi wajihadhari: katika Kifaransa "inflammable" ndilo neno sahihi la kinachowaka, na kisichowaka ni "ininflammable". Dereva akiona neno hilo kwenye lori la Lubumbashi asidhani limekosewa.

Namba hazina utata huu. Kwenye kibao cha rangi ya chungwa, petroli ni 33 juu na 1203 chini. Dizeli ni 30 na 1202. Zimamoto husoma namba hizo kabla ya maneno.

Wengine wanaosimama karibu na tangi hawasomi Kiingereza wala namba. Sachangwan nchini Kenya mwaka 2009, Sange nchini Kongo mwaka 2010 na Morogoro nchini Tanzania mwaka 2019, malori ya mafuta yalipinduka, watu wakakusanyika, wengi wakichota mafuta, na kila ajali iliua watu zaidi ya 100. Maandishi peke yake hayamzuii mwenye dumu mkononi. Lakini kwa njia zetu, chini ya "flammable" paandikwe kwa herufi kubwa: HATARI, MAFUTA YANALIPUKA, KAA MBALI.