Kwa Nini Ile Picha Ilishinda
Mwaka wa 1887 Alfred Stieglitz, Mmarekani wa miaka 23, alikuwa Berlin. Alienda kusomea uhandisi, kamera ikamteka. (Namwelewa; mimi pia niliacha chuo.) Picha yake ya watoto wa Bellagio, Italia, wakicheka ilishinda shindano la jarida la London, Amateur Photographer. Jaji, P. H. Emerson, alitoa sababu: kati ya zote, hiyo pekee haikuwa ya kupangwa.

Baadaye Stieglitz akawa mhariri New York, akiwarudishia wasomaji picha zao na maneno makali: ufundi safi, picha imeoza. Inauma, lakini angalau unajua mwanga na fokasi si shida. Shida ni ulichochagua kutazama. Sisi tukionyeshwa picha tunasema "kali sana, bro," na mwenyewe anarudi nyumbani vile alivyokuja.