Moto wa Shikome na Kengele ya Shule

Katika kuyakumbuka mambo ya misioni zetu za Ziwa, twapenda kusema neno juu ya wazee waliokataa kuwapeleka watoto wao shuleni. Mara nyingi wamesimuliwa kuwa watu wa giza, wasiopenda elimu. Sisi twaona habari hiyo ni nusu tu.

Kabla ya shule kuwako Usukumani, hapakuwa na mtoto asiyefundishwa. Jioni, ng'ombe walipokwisha kuingia zizini, wavulana waliketi pamoja na baba na babu zao kuuzunguka moto wa uani, ndio shikome. Hapo walisikia habari za ukoo, desturi za urithi na za ng'ombe wa mahari, vitendawili na hadithi. Mchana walijifunza kwa mikono: mdogo alianza na ndama na mbuzi, akaongezewa ng'ombe kadiri alivyokua. Wasichana nao walifundishwa na mama na bibi zao. Mtihani ulikuwapo, nao ulikuwa mkali: ng'ombe akipotea, jibu lilitakiwa jioni ile ile.

Mapadre Weupe walifika Kageye, pwani ya kusini ya Ziwa, mwisho wa mwaka 1878. Mwaka 1883 wakaweka kituo Bukumbi, upande wa kusini wa Mkolani. Miongoni mwa watoto waliowalea walikuwamo waliokombolewa utumwani, wasio na shikome ya kurudia; kwao misioni ilikuwa nyumba na shule pamoja. Shida ilianza mafundisho yalipowafikia watoto wenye baba. Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa ameagiza miaka minne ya mafundisho kabla ya ubatizo. Mwenye mifugo hakuwa na ugomvi na kitabu. Alitaka kujua nani atachunga. Tena mtoto aliyelala misioni aliukosa moto. Alirudi ajua kusoma barua, asijue ukoo wa mjomba wake, na hasara hiyo haikuandikwa katika daftari lo lote.

Lakini tusidanganyane. Shikome haikuweza kumfundisha mtu kusoma mizani. Wakulima wa pamba wa nchi hii walipoanza kujiunga katika vyama vya ushirika, karibu na mwaka 1950, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wao, kilio chao kikubwa kilikuwa kupunjwa katika kupima. Walihitaji watu wao wenyewe, wajuao tarakimu, wasimame penye mizani. Watu hao walitoka shuleni.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alikumbusha kwamba watoto wa kale walijifunza kwa kuishi na kutenda, akataka shule ziwe na mashamba yake. Kisha, mwaka 1978, sheria ikaagiza kila mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe shule. Umri huo wakaribiana na ule aliokuwa akikabidhiwa ndama! Kwa hiyo asubuhi ikawa ya shule, bila ya mzee kuulizwa tena.

Huko Bujora, Padre David Clement, aliyeanza kazi yake katika miaka ya 1950, alikusanya ngoma, vyombo na vitu vya watemi, vikawekwa katika makumbusho ya Wasukuma. Watoto wa shule hupelekwa huko na walimu wao, wakaelezwa mambo ambayo babu zao waliyapata uani kwao, jioni, kabla ya kulala.