Sketi ya ngozi, kutoka Katesh mpaka Mbulu

Najua nimekuwa kimya, majaribio yamenifunga kwenye kimbweta wiki mbili nzima. Wikiendi iliyopita wenzangu watatu wa chumbani waliondoka Dodoma kwenda Dar kuangalia maonyesho ya mitindo na vitambaa. Mimi bumu halikutosha kulipa nauli na kununua viatu vya kuingilia humo (huwezi kwenda kwenye mitindo na kandambili, watakutoa), halafu nilikuwa na insha ya historia inaningoja. Basi nikageukia upande wa pili: Kondoa, Babati, Katesh siku ya mnada, halafu Jumapili nikapanda Mbulu. Picha za wenzangu mmeshaziona. Yangu ni haya maneno.

Insha yenyewe ilihusu mavazi na dola. Nilikuwa na swali moja tu: imekuwaje sketi ya ngozi, ambayo mama wa Hanang aliambiwa aivue kwa sababu ni aibu kwa taifa, leo inatundikwa kwenye makumbusho kama sanaa? Na nani aliamua?

Kwa wasiopajua huko, Mbulu na Hanang ni wilaya za Mkoa wa Manyara, uliokatwa kutoka Arusha mwaka 2002. Kwenye nyanda za juu za Mbulu ndiko kwao Wairaqw, ambao wengi wetu tunawaita Wambulu, na lugha yao ni ya Kikushi. Chini kwenye tambarare za Hanang wako Wadatoga, hasa Wabarabaig, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Hawa mtaani tunawaita Wamang'ati. Jina hilo limetoka kwa Wamasai na maana yake ni adui. Kwa hiyo tunawaita wenzetu "maadui" kila siku tena kwa tabasamu, na wao wamezoea. Nilitaka kuliweka hilo mapema kwa sababu mambo ya nguo yalianzia humohumo kwenye majina.

Katesh iko miguuni mwa Mlima Hanang, mita 3,417, ambao siku ya mnada unaonekana kama umekuja kusimamia biashara. Ni mji uleule uliofunikwa na tope la mlima tarehe 3 Desemba 2023, watu zaidi ya 80 wakafa. Kovu la maporomoko unaliona bado ukiinua macho. Lakini mnada ni mnada. Ng'ombe, mbuzi, nyama choma, mitumba, ndoo, katambuga za matairi, shuka za kila rangi. Ukitaka kuona mitindo, kaa karibu na wauza shuka usikilize akina mama wanavyobishana kuhusu ni zambarau ipi iliyopitwa na wakati. Hakuna jukwaa wala muziki, ila wanaoangaliana ni wengi kuliko Dar.

Wengi walikuwa wamevaa kitambaa. Waliovaa ngozi nilihesabu watatu, wote watu wazima. Ukiiona kwa karibu unaelewa kwa nini mtu wa makumbusho aliitamani. Ngozi imelainishwa na mafuta mpaka inang'aa, imechanwa mikanda myembamba inayoning'inia, na kila hatua ile mikanda inafuata mguu kama maji. Mkononi kuna bangili za shaba zilizopangana. Wahunzi wa Kidatoga wana sifa ya kufua chuma na kuyeyusha shaba chakavu, hata makufuli mabovu, wakatoa bangili na vichwa vya mishale. Kufuli lako lililokufa linaweza kuwa kwenye mkono wa mtu.

Sketi ile ina jina, hanang'wend (wanaoandika hawajakubaliana tahajia), na ni ya mwanamke aliyeolewa. Sio urembo tu. George Klima, Mmarekani aliyekaa na Wabarabaig na kuandika kitabu juu yao mwaka 1970, alieleza kwamba vazi hilo limefungamana na heshima ya mwanamke na uzazi wake. Na hapa ndipo niliposimama kusoma nikaanza upya ukurasa: wanawake wa Kibarabaig walikuwa na baraza lao wenyewe, na mwanamume aliyewavunjia heshima aliweza kushitakiwa mbele yao na kutozwa faini ya ng'ombe. Nimesoma mihula minne ya historia na sijawahi kuambiwa darasani kwamba kulikuwa na mahakama ya namna hiyo kilomita chache kutoka barabara ya Singida. Kwa hiyo ukimvua huyu mama ngozi yake, unagusa zaidi ya kiuno.

Upande wa Wairaqw hadithi ni nyingine. Wao walikuwa na marmo, unyago wa wasichana, ambapo wari waliwekwa ndani muda mrefu wakifundishwa. Sketi zao za ngozi zilishonewa shanga: miduara, mistari, maumbo yanayofanana na jua. Shanga zenyewe zilikuwa za kioo, zimevuka bahari kutoka Ulaya na kupanda bonde kwa biashara. Hapo nawaomba wanaosema "asili" watulie kidogo. Sketi tunayoiita ya asili kabisa ilikuwa na mali ya ng'ambo juu yake. Mshonaji alichukua kitu cha mgeni akakifanya kiseme lugha yake, sawasawa na dada zetu wa pwani walivyofanya na merikani, ile pamba nyeupe ya viwanda vya Marekani, na baadaye kanga. Marmo ilikoma zamani za mkoloni. Sketi ziliendelea kwa muda kwenye harusi na ngoma, kisha wanunuzi wa sanaa wakaja, nyingi zikaondoka. Leo ukitaka kuziona nyingi kwa pamoja, nenda kwenye makumbusho na maduka ya sanaa ya Ulaya na Marekani.

Sasa tufike kwenye dola. Mwalimu, tarehe 10 Desemba 1962, siku aliyotoa hotuba yake ya kwanza kama Rais wa Jamhuri, alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa, akasema wazi kwamba tulifundishwa kudharau vya kwetu. Hotuba nzuri, nimeisoma mara mbili. Miaka mitano tu baadaye, mwishoni mwa 1967 na kuingia 1968, serikali Mkoa wa Arusha ikaendesha kampeni ya kuwavalisha Wamasai nguo za "kisasa". Ngozi, lubega na udongo mwekundu vilitakiwa viachwe. Mbulu na Hanang zilikuwa ndani ya mkoa huohuo, na jicho lililomtazama Mmasai ndilo lililomtazama Mbarabaig.

Mwaka uleule wa 1968 mambo mengine mawili yalitokea Dar. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa kwa msaada wa China, kwa hiyo taifa likawa na kitambaa chake la kuvaa. Na mwezi Oktoba Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua marufuku. Sababu iliyotolewa? Kwamba si utamaduni wetu.

Hebu ziweke meza moja. Msichana wa Kariakoo anaambiwa sketi yako ni ya kigeni mno. Mama wa Hanang anaambiwa sketi yako ni ya kienyeji mno. Waliosema hayo ni watu wa chama kimoja, tena wamevaa suti. Barua zilijaa magazetini wakati ule, na wapo waliouliza swali hilohilo: kama tunapinga umagharibi, mbona tunamlazimisha Mmasai avae suruali? Sijaona jibu la kuridhisha. Mwalimu wangu wa semina anasema nisiwe mkali, nchi ilikuwa changa na iliogopa kuchekwa na wageni. Sawa. Ila mbona aliyevuliwa kwa sababu ya hofu hiyo alikuwa mwanamke, mjini na porini?

Pia amri peke yake isingeitoa ngozi. Ngozi inatoka kwa ng'ombe, ng'ombe anataka malisho. Kuanzia miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalichukua maelfu kwa maelfu ya ekari za Basotu na maeneo ya jirani, zikiwemo nyanda bora za Wabarabaig. Trekta zilipita mpaka kwenye makaburi ya wazee wao. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikawanyima ushindi wanakijiji wa Mulbadaw. Moja ya sababu ni kwamba hawakuthibitisha kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria. Sitii neno. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekuwa mwenyeji kupita kiasi kwenye suala la nguo mwaka 1968, kwenye suala la ardhi mwaka 1985 uenyeji wake ulipungua.

Jumapili nilipanda gari la Dareda kwenda Mbulu, ile kona kona ya ukingo wa bonde ambayo kila abiria anakuwa mcha Mungu. Nilishuka Dongobesh, nikafikia kwa bibi wa mwanafunzi mwenzetu. Tulikunywa maziwa, nikaulizwa nasoma nini, nikasema historia, akasema pole. Baada ya chakula akatoa gunia dogo kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na sketi ya shanga, ya mama yake. Ngozi imekauka upande mmoja, uzi umekatika sehemu mbili, shanga chache zimedondoka na amezifunga kwenye kitambaa pembeni, hajatupa hata moja.

"Bibi, uliwahi kuivaa?"

"Niliivaa mara moja, nikiwa msichana, tukicheza. Halafu tukaambiwa tuje kanisani na gauni."

"Hukutaka kuiuza?"

"Walikuja. Dada yangu aliuza yake, akanunua mabati." Akaonyesha kwa kidevu nyumba ya pili. "Hayo pale. Mabati mazuri, hayavuji."

Nilitaka kusikitika, hakunipa nafasi. Aliongea kuhusu yale mabati kwa heshima ileile aliyoishikia sketi. Nikamuuliza kama angependa yake ikae makumbusho Dar, mahali ambapo panya hawafiki. Akafikiri.

"Wakiiweka, wataandika jina la mama yangu?"

Mwenzetu aliyekuwa anatafsiri pale Kiiraqw kilipozidi alinitazama. Maelezo ya namna hii mara nyingi husema kabila, mahali, ngozi, shanga, mwaka wa kupokelewa. Jina la aliyeshona ni nadra. Nikamwambia bibi ukweli, kwamba sijui kama wataliandika. Akairudisha ngozi kwenye gunia, na kile kitambaa cha shanga juu yake.

Kwa atakayetaka kwenda: mnada wa Katesh ni wa kila mwezi, uliza tarehe Babati kabla hujapanda gari. Usimpige mama wa watu picha bila kumuomba, na akikataa, basi. Ukiwa na siku ya ziada fika Haydom, huko Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na Wanyiramba wako karibu karibu, na kuna kituo cha utamaduni kinachofanya kazi na jamii hizo.

Wenzangu wamerudi na mifuko mizuri ya vitenge. Naishia hapa, insha inatakiwa Jumatano na bado sijaandika utangulizi.