Fremu na Uma wa Baiskeli

Chombo chenye viungo vingi hakiwi imara kwa ubora wa kiungo kimoja, bali kwa mapatano ya viungo vyake vyote. Mpini huchongwa kwa kipimo cha tundu la jembe, na mlingoti husimamishwa kwa kadiri ya ukubwa wa jahazi. Ndivyo ilivyo kwa baiskeli pia. Fremu ndiyo mwili wake. Na uma, ulioshika gurudumu la mbele, ndio mkono wake. Katika insha hii nataka kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba kila mara uma ulipobadilika fremu nayo ililazimika kubadilika. Na kwamba mtu asiyejua jambo hilo aweza kutoa fedha zake akanunua hatari.

Tuanze nyumbani, katika mitaa ya Eastlands. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899. Mji ulipokua, wafanyakazi Waafrika walipangiwa makao upande wa mashariki, karibu na reli na viwanda. Pumwani ilianzishwa katika miaka ya 1920. Shauri Moyo ikafuata katika miaka ya 1930, Kaloleni katika miaka ya 1940, na Bahati na Ofafa katika miaka ya 1950. Baada ya uhuru mji ulizidi kunyoosha mkono mashariki, hata katika miaka ya 1970 zikajengwa Buruburu, Umoja na Dandora. Kadiri mitaa ilivyosogea mbali, ndivyo safari ya kazini ilivyorefuka. Mwenye nauli alipanda basi. Asiyekuwa nayo alitembea. Na aliyejinyima akaweka akiba alinunua baiskeli.

Baiskeli hiyo ilikuwa ya chuma, nyeusi na nzito, yenye magurudumu ya inchi 28. Ilitoka Uingereza kwanza, kisha India na China, na watu wa Kenya wakaipa jina la Black Mamba. Ukiitazama ubavuni utaona kuwa shingo yake imelala nyuma sana, na ncha ya uma wake imepinda mbele kama upinde. Umbo hilo halikutokea kwa bahati. Lilikusudiwa kupunguza mtikiso katika njia mbovu, na kuishika baiskeli isiyumbe chini ya gunia la mkaa au mtungi wa maziwa. Mnunuzi hakuhitaji kuchagua fremu ya kupatana na uma. Kiwanda kilikuwa kimekwisha kumchagulia.

Kwa nini mwinamo wa shingo uwe jambo kubwa hivyo? Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alitengeneza chombo cha magurudumu mawili, kisicho na kanyagio, ambacho mpandaji alikisukuma kwa miguu. Gurudumu lake la mbele liliweza kugeuzwa, na hapo ndipo elimu ya uongozi wa baiskeli ilipozaliwa. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli iitwayo Rover, yenye magurudumu yaliyokaribiana kwa ukubwa, mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, na uma ulioinama. Baiskeli zetu zote ni wajukuu wa hiyo.

Chukua kalamu, msomaji, uchore mstari unaofuata bomba la shingo mpaka ardhini. Utaona kuwa mstari huo unagusa ardhi mbele kidogo ya mahali tairi linapogusa. Basi tairi humfuata kiongozi wake kama mkokoteni umfuatavyo punda, na kwa ajili hiyo baiskeli hushika njia. Nafasi hiyo ikiwa ndogo mno, usukani huwa mwepesi kama wa mlevi. Ikiwa kubwa mno, usukani huwa mzito, na mlimani gurudumu la mbele hutangatanga. Mtengenezaji hupima pembe ya shingo, urefu wa uma na mpindo wake kwa pamoja. Ukibadili kimoja, umevigusa vyote.

Sasa yatupasa kuvuka bahari, maana baiskeli ya milimani ilizaliwa Marekani. Katika jimbo la California, chini ya mlima Tamalpais, vijana walizoea kuteremka njia za vumbi kwa baiskeli kuukuu za Schwinn zilizoundwa katika miaka ya 1930. Mwaka 1976 walianza kushindana katika njia iitwayo Repack. Jina hilo lilitokana na breki zao za ndani ya kitovu cha gurudumu, ambazo zilipata moto hata grisi ikaungua, ikabidi zipakwe grisi upya baada ya mteremko. Mwaka 1977 Joe Breeze aliunda fremu mpya kwa ajili ya kazi hiyo, akifuata umbo la zile fremu kuukuu. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilianza kuuza baiskeli za namna hii kwa wingi.

Uma wa baiskeli hizo ulikuwa wa chuma kitupu, mfupi, usio na springi. Mwaka 1989 kampuni ya RockShox ilitoa uma wenye mwendo wa kadiri ya milimita 50, na muda si muda washindani wakauona ubora wake. Lakini pamoja na faida ikaja taabu. Uma wa springi hauna budi kuwa mrefu zaidi, maana lazima uwe na nafasi ya kuzama. Watengenezaji walifahamu upesi, wakaanza kuunda fremu zenye sehemu ya mbele iliyonyanyuliwa tayari kuupokea. Mwendo wa springi ulipoongezeka tena, fremu nazo zilibadilishwa tena. Hiyo ndiyo sababu fremu mbili zinazofanana machoni huenda zikawa za zama mbili tofauti.

Zama hizo zote zimekutana Eastlands. Baiskeli za mitumba hushushwa sokoni kutoka nchi za mbali, za miaka 30 iliyopita pamoja na za juzi. Fundi wa jua kali, kwa mikono yake hodari, hufungua hii akaifungia ile. Ustadi huo ni wa kusifiwa. Lakini mikono hodari haiondoi haja ya kipimo.

Mimi nilijifunza haya kwa majuto. Ndugu yangu mdogo alikuwa kibarua katika Eneo la Viwanda, naye akikaa Umoja. Nilimnunulia baiskeli kuukuu ya milimani. Alipolalamika kuwa mashimo ya barabara yanamuumiza viganja, nikamtafutia uma wa springi, mrefu kuliko wote niliouona, nikidhani kuwa kirefu ndicho bora. Bomba lake liliingia shingoni, basi likafungwa. Baada ya miezi michache rangi ilipasuka mstari mwembamba chini ya shingo, nasi tukadhani ni mkwaruzo. Asubuhi moja gurudumu liliingia shimoni, fremu ikakatika pale pale penye mstari. Alianguka kando ya njia akavunjika mtulinga, na kwa majuma sita kibarua huyo hakupata hata senti. Nilipompelekea mabaki fundi mmoja mzee wa Shauri Moyo, aliyatazama akasema, “Mwalimu, fremu hii haikuvunjika siku ile. Ilianza kuvunjika siku mlipoifunga.”

Maneno yake yana hesabu ndani yake. Uma usio na springi wa baiskeli za zamani za magurudumu ya inchi 26 aghalabu huwa na urefu wa kadiri ya milimita 400, toka ekseli hata chini ya shingo. Ule wenye mwendo wa milimita 100 hukaribia milimita 470. Kila milimita 20 zinazozidi huilaza shingo nyuma kwa kadiri ya uzi 1; basi hapo shingo imelala zaidi ya nyuzi 3, kiti kimerudi nyuma, na kanyagio zimepanda juu. Tena uma ni wenzo: kadiri unavyorefuka, ndivyo kila pigo la barabara linavyozidi kuikaba fremu shingoni.

Kwa hiyo, kijana anayetaka fremu ya kubeba uma wa springi mbele, nyuma ikiwa kavu, na aulize maswali manne. Kwanza, fremu hii iliundwa kwa uma wa urefu gani? Asimwamini muuzaji tu. Apime uma wa asili akiuona, akikumbuka kuwa springi huzama kama robo ya mwendo wake mpandaji akikaa. Pili, tundu la shingo ni la kipenyo gani? Bomba la inchi 1 si sawa na la inchi 1 na moja ya nane, na lililopanuka chini halitaingia katika shingo nyembamba. Tatu, gurudumu ni la inchi 26, 27.5 au 29, na breki zake zafungwa wapi? Nne, je, pana ufa au kiraka cha kulehemu karibu na shingo? Jibu la swali la mwisho likiwa ndiyo, aiache, hata ikiwa bei yake ni ya kutupa.

Ndugu yangu alipona, naye anapanda baiskeli hata leo. Ya sasa ina uma mfupi kuliko ule, wala haivutii macho ya wapita njia. Lakini fremu na uma vyake viliundwa kwa ajili ya kuwa pamoja, nayo humfikisha kazini na kumrudisha nyumbani.