Kopo Lililo Chini ya Tangi la Samaki

Wadau, leo tuipe siasa mapumziko. Nataka tuzungumzie lile kopo linalounguruma chini ya tangi la samaki, lenye mipira miwili, mmoja ukishusha maji na mwingine ukiyapandisha. Mwulize mwenye tangi kazi yake ni nini, atakujibu haraka: linachuja uchafu. Sawa, lakini hiyo ndiyo kazi yake ndogo. Na jibu hilo linaua samaki. Mtu anafungua kopo, anasugua sponji kwa maji ya bomba yenye klorini mpaka inang'aa, anarudisha. Siku chache baadaye samaki wanatweta juu ya maji yaliyo maangavu kama kioo, naye anamlaumu aliyemwuzia.

Ili kujua ni nini kilichouawa mle ndani inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1832 huko Messina, kisiwani Sicily, Mfaransa Jeanne Villepreux-Power, fundi nguo aliyegeukia sayansi, alitengeneza matangi ya kioo amchunguze argonauta, ndugu yake pweza. Wataalamu walikuwa wakibishana kama mnyama huyo hutengeneza gamba lake au huliiba. (Hutengeneza. Mama alishinda.) Kisha London, mwaka 1850, mkemia Robert Warington alieleza jinsi alivyofuga samaki wawili wa dhahabu pamoja na mmea wa majini. Majani yalipooza na kuchafua maji aliongeza konokono wayale. Mmea utoe hewa, samaki waivute, konokono wafagie: hesabu ikakaa sawa. Kodi ya vioo ilikuwa imefutwa Uingereza mwaka 1845, bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki mwaka 1853, na mwaka uliofuata kitabu cha Philip Henry Gosse kikaliweka neno akwariamu vinywani mwa watu. Kila sebule ya mwenye nazo ikataka tangi.

Samaki wakafa kwa wingi. Hesabu ya Warington ilikuwa ya hewa tu. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na amonia ni sumu usiyoiona hata maji yakiwa safi namna gani.

Jibu lilitoka kwenye maji machafu ya mjini. Mwaka 1877 Wafaransa Schloesing na Müntz walipitisha maji ya vyooni polepole kwenye bomba lililojaa mchanga na chokaa. Siku 20 hivi hakuna kitu. Kisha amonia ikaanza kutoweka na nitrati ikatokea. Walipotia klorofomu kazi ikasimama. Maana yake kilichokuwa kikifanya kazi kilikuwa hai.

Na sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Aliyelichukua suala hilo Uingereza, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, na kuonyesha kwamba kazi ile ina hatua mbili, amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, aliitwa Robert Warington. Mtoto wa yule yule wa samaki wa dhahabu! Baba alikuwa amefariki mwaka 1867. Mtoto alikuwa akitafuta mbolea ya ngano, akashika kile kilichokosekana kwenye tangi la mzee. Bakteria wenyewe walimponyoka. Mrusi Winogradsky ndiye aliyewatenga, mwaka 1890.

Kopo lenyewe lilikuja baadaye sana. Kampuni ya Eheim ya Ujerumani ililiingiza sokoni miaka ya 1960. Maji hushuka kwa uzito wake, hupita kwenye sponji na vipande vya kauri vyenye vitundu, kisha pampu iliyo kwenye mfuniko huyarudisha juu. Vitundu vile ndiyo nyumba za bakteria. Hata samaki wetu wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, wanaofugwa leo Ulaya na Marekani, wanaishi kwa hisani yao.

Miaka mingi vitabu vilisema hatua ya pili hufanywa na Nitrobacter. Mwaka 1998 Hovanec na wenzake walipima matangi ya maji baridi wakakuta ni jamii ya Nitrospira. Mwaka 2015 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walikuta kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki bakteria anayefanya hatua zote mbili peke yake. Zaidi ya karne nzima tuliamini lazima wawe wawili.

Kwa hiyo ukifunga kopo jipya, lijaze maji kwanza ili pampu isizunguke kwenye hewa, kisha wape bakteria wiki nne hadi sita wakue kabla hujajaza samaki. Nitrati inayobaki utaipunguza kwa kubadili sehemu ya maji mara kwa mara. Sponji ikiziba, ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, na usibadilishe vyote vya ndani kwa siku moja. Umeme ukikatika saa nyingi usiliwashe tu ukirudi: maji yaliyolala ndani yameishiwa hewa na yameoza. Lifungue, yamwage, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uchomeke waya.