Hakimiliki na majirani zake

Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini kuilalamikia Disney kwa kusajili "Hakuna Matata" nchini Marekani, na wengi waliilaani kwa neno lisilohusika: hakimiliki. Hakimiliki hulinda kazi iliyotungwa, si msemo wa umma. Wimbo "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms wa Mombasa, wa mwaka 1982, una hakimiliki. "Hakuna matata" iliyomo ndani yake haina mwenyewe. Disney ilichosajili mwaka 2003 ni alama ya biashara ya mavazi: inaweza kumbana mshindani anayeuza fulana kwa jina hilo huko, haimzibi mtu mdomo.

Atasema mtu hizi ni tofauti za mawakili. Sidhani. Hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi, bila ombi, na nchini Kenya kitabu hulindwa hadi miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Mashine mpya ya kukamua alizeti inahitaji hataza (haki ya pekee ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), ambayo sharti iombwe na hudumu miaka 20 tu. Fundi anayeambiwa "tayari una hakimiliki" ataianika siri yake hadharani, kisha huenda akaambiwa uvumbuzi wake si mpya tena. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hata alama ya biashara inaionea lugha. Hapo nakubali nusu: sheria haikuvunjwa, ila waliokasirika walikuwa na hoja ya heshima, na hoja hiyo ilidhoofika ilipovishwa jina la kosa ambalo halikutendeka.