Maji Yalipochemka Njiani Ujiji

Novemba 1857, Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, Tabora ya leo, wakiwa hoi kwa homa. Vifaa vyao vya kupimia navyo vilikuwa hoi.

Kupima mwinuko enzi hizo kulikuwa hivi: unachemsha maji, unachovya kipimajoto, unasoma. Kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Hesabu nzuri, ila ina mtego: ukikosea nyuzi moja tu ya Selsiasi, umekosea kama mita 300.

Februari 1858 wakafika Ujiji. Kipimo chao kikasema Ziwa Tanganyika liko futi 1,844 juu ya bahari, yaani mita 562. Leo tunajua ni kama mita 770. Agosti mwaka uleule Speke, akitokea Kazeh, akapima Nyanza na safari hii akapatia karibu kabisa. Mtu yuleyule, ufundi uleule. Sasa msomaji wa London angejuaje namba ipi aiamini? Ramani haikuandika shaka yoyote pembeni.

Hapo ndipo ugomvi ulipokolea. Burton alikuja kudai kwamba Tanganyika inamwaga maji kaskazini kwa mto Rusizi, hadi Nile. Mwaka 1864 Samuel Baker akapima Ziwa Albert: futi 2,720, kama mita 829. Basi, kwa namba hizo, dai limekufa. Maji hayapandi mlima!

Kumbe namba zote mbili zilikuwa mbovu, moja imeshuka, nyingine imepanda. Albert iko kama mita 620 tu, kwa hiyo Tanganyika ndiyo iliyo juu. Burton alikuwa amekosea kweli, lakini namba zilizomshinda nazo zilikuwa za uongo.

Na jibu lilikuwepo tangu mwanzo. Aprili 1858, kule Uvira, wenyeji waliwaambia wageni wale waziwazi: Rusizi inaingia ziwani, haitoki. Ilibidi Livingstone na Stanley wafike mdomoni mwa mto mwaka 1871, ndipo Ulaya ikaridhika.

Fundi makini anayepima mawimbi ya redio leo hakuandikii namba tupu; anaongeza "jumlisha au toa kiasi fulani". Neno la wenyeji wa Uvira lilitiliwa shaka, ilhali kipimajoto chenyewe ndicho kilichostahili shaka zaidi.